Betri Zilizokataa Kufa

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nikinunua nyanya nazigeuza upande wa pili, na nikicheka naziba mdomo. Kwa hiyo betri za dada yule wa maabarani zilipokataa kufa, nilijua kuna mchezo.

Tulikuwa wanafunzi wawili wa uzamili, chuoni upande wa Usa River, mimi nikimzidi kwa miaka kumi. Kila mmoja alipika unga wake mweusi wa madini ya manganizi, wa kutunzia umeme wa jua. Ukiiva unaoshwa kwa maji ya mashine, yasiyo na chembe ya chumvi, kisha unatiwa kwenye vibetri vidogo kama vya saa. Vyangu vilichoka ndani ya siku chache. Vyake, kundi moja tu, viliendelea kujaa na kuisha, kujaa na kuisha, wiki ya pili hiyo! Nikaanza kumchunguza. Akifunga kompyuta nikiingia, naweka moyoni. Akicheka peke yake, naweka moyoni.

"Dada, siri ni nini?"

"Hata mimi sijui, kaka. Nimerudia mara tatu, imegoma."

Basi, amepika data. Nikaenda kwa mwalimu wetu nikamwambia. Hakuna aliyenituma. Ulikuwa wivu, ingawa siku ile niliuita uaminifu.

Mwalimu akamtaka arudie mbele yake, la sivyo kamati ya nidhamu ya chuo imfukuze. Akarudia. Betri zikafa. Alitoka analia hadi getini, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kamati ilikuwa ikae Jumatatu. Mwalimu akanipa daftari la dada nilipitie, nitafute ushahidi. Nilitafuta tarakimu zilizofutwa, sikuona hata moja. Nilikuta mwandiko wa mtu anayeandika kila kitu, mpaka mvua. Kwenye ukurasa wa lile kundi aliandika: "Umeme hakuna, mashine ya maji imezima. Nimeoshea unga maji ya dumu jeupe. Kaka kalijaza, Mungu ambariki."

Nikasoma tena. Dumu jeupe ni la maji ya mashine, halitiwi kingine. Lakini wiki ile bomba la chuo lilikauka, nikalikuta dumu tupu, nikaenda nalo nyumbani Nduruma. Kwetu dumu halitoki nyumbani tupu. Nikalijaza kisimani, nikiwaza maji ya kunawa, nikalirudisha rafuni bila kumwambia mtu kwamba ni maji ya kisima. Na maji ya kwetu yana floraidi, hilo kila mtoto wa Meru analijua. Ndiyo iliyoingia kwenye unga wake ikazipa betri uhai; kila aliporudia kwa maji ya mashine, haikuwemo.

Ningeweza kulifunga daftari nikanyamaza. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Shikamoo mwalimu. Dada hajadanganya. Maji nilileta mimi."

Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama dada. "Unajuaje kwamba hayo maji yana floraidi ya kutosha?"

Nikatoa mkono mdomoni, nikamwonyesha meno yangu, yaliyogeuzwa kahawia na maji hayo hayo.

Mwalimu akalichukua daftari. "Tutaosha unga mwingine kwa maji hayo, tuone. Ila dada mpigie wewe."

Simu iliita mara moja tu.

"Shikamoo, kaka," akasema, sauti bado imekauka kwa kulia.