Minazi Saba Katika Shamba la Mtu

Mwaka tuliopata bendera yetu, mimi nilikuwa nimerudi kwetu Bongwe na talaka yangu na mtoto mgongoni, nikapewa chumba cha uani kwa baba yangu mdogo. Nilitaka kitu kimoja tu: nyumba ya bati ambamo hakuna mwanamume ambaye angeweza kunitoa. Nilipomwambia baba mdogo, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, nyumba ya bati ni ya wenye uwezo. Wewe una nini?"

Nilikuwa na mikono. Nilisuka makuti hadi vidole vikaota sugu, na kila nilipopata akiba sikununua kanga wala bangili, nilinunua mnazi. Kwetu mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu aweza kukuuzia mti uliosimama shambani mwake, mbele ya mashahidi, na udongo ukabaki wake. Kwa miaka minne nikapata minazi saba katika shamba la jirani, upande wa Diani. Walioniona mjinga walikuwa wengi. Nawashukuru, maana wangeniona mwerevu bei ingepanda.

Kisha hoteli zikaanza kujengwa ufukoni, na jirani akaliuza shamba lake kwa tajiri wa Mombasa. Kwa furaha yake alisahau kumwambia kwamba miti saba si yake. Watu walipokuja kufyeka, walinikuta nimeketi pale na mashahidi wangu. Mashoka yakawekwa chini.

Jirani akaja kunibembeleza na fedha za kutosha mabati kumi. Baba mdogo akamuunga mkono.

"Chukua, mwanangu. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mabati kumi yataezeka jiko tu, baba. Mimi nataka nyumba nzima."

"Una kiburi."

"Ninacho."

Hofu nilikuwa nayo pia, sitadanganya. Tajiri alizungusha ua wa seng'enge. Msimu wa kuangua nazi ulipofika nilimpeleka mkwezi wangu hivyo hivyo, na wazee wakamwambia tajiri kwamba mwenye mnazi ana njia yake. Ua ukafunguliwa. Msimu wa tatu tajiri alichoka, akalipa nilichotaka. Siku miti ilipoangushwa nililia, kwa kuwa niliipenda. Lakini nilinunua kiwanja, nikajenga, vyumba viwili na ukumbi, bati juu.

Haukupita mwezi, baba mdogo akaja. Maisha yake yote alikuwa akiingia nyumba za wanawake wa ukoo bila kusema neno, kama anayeingia kwake. Aliusukuma mlango, akakuta komeo. Mimi nilikuwa ndani, hatua mbili kutoka mlangoni, namenya muhogo.

"Hodi," akasema.

Nilimsikia vizuri. Nikangoja aseme mara ya pili.