Doa la Asetoni

Mimi kazi yangu ni kuosha vioo, tena usinicheke. Ni vioo viwili, kila kimoja kama kitufe cha koti, na katikati yake tunadondosha tone la kitu kinachochunguzwa. Leza ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, hulipiga tone hilo kwa mapigo mafupi mno, hata kupepesa jicho mbele yake ni safari ndefu. Kisha kompyuta inachora ramani ya jinsi molekuli zinavyotetemeka: doa hapa, doa pale. Kioo kikiwa kichafu, ramani inasema uongo. Miaka kumi na minne haikusema uongo, ndiyo maana wakaniita Fundi.

Mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamivu, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, akapata doa jipya. Akasema molekuli yake ina umbo la pili ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akarudia mara tatu, likatokea mara tatu. Profesa akawa anazunguka maabara nzima akisugua viganja.

Kumbe mimi nilikuwa nimesahau kuagiza mtungi wa gesi ya kukaushia. Mtu mzima, ningesema nini? Nikawa naosha kwa asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha, nafuta na karatasi, basi. Mtungi ulipofika nikakausha sawasawa, nikapima mwenyewe kabla binti hajaingia. Doa halikuwepo. Asetoni nayo hutetemeka, jamani.

Nikanyamaza. Kila asubuhi najiambia leo namwambia, akiniamkia kwa furaha ulimi unakuwa mzito. Wiki tano hizo, nikijichukia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku ya kutetea tasnifu nilikaa nyuma. Mtahini mmoja akauliza kama doa lile haliwezi kuwa mabaki ya dawa ya kuoshea. Binti hakusita.

"Vioo vyetu anaosha Fundi," akasema, akanionyesha kwa mkono. "Kwake sina shaka."

Watu wakageuka, wakanitabasamia. Nikasimama.

"Sikuvikausha," nikasema.

Shahada yake ikasogezwa mwaka mzima. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Bado ananipa shikamoo yangu kila asubuhi, nami naitikia nikitazama viatu. Ila siku hizi akitaka kupima, anavipokea vioo nilivyokwisha kuosha, anaviosha upya mbele yangu. Mimi namshikia mpira wa gesi ya kukaushia.