Nekesa Alisoma Kuku Kwenye Kitabu cha Mbuzi

Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshazoea, maana siku ile kwenye shule ya mtoto wangu hapa Kangemi walicheka mpaka watu waliokuwa wakipita nje wakaja kuchungulia dirishani, na hadi leo nikimpeleka asubuhi naingia lile geti nikiangalia viatu vyangu. Cheko lenyewe silo linaloniuma. Nitawaambia kinachoniuma, lakini acha kwanza nianze na ujinga wangu.

Mimi hufua nguo kwa familia moja kule Loresho, mtaa wa wenye pesa. Wana mtoto wa miaka minne, na siku moja nikiwa napiga pasi nikamsikia anasoma maandishi ya kwenye boksi la chakula chake cha asubuhi, peke yake, bila mtu kumshika mkono. Nikarudi nyumbani na moto kifuani. Nekesa wangu alikuwa anaelekea miaka sita, yuko PP2, lile darasa la mwisho kabla ya Gredi ya Kwanza. Nikamuuliza, leo mmefunzwa nini?

"Mmm," akasema.

"Mmm gani?"

"Mmm ya mama. Unafunga mdomo hivi."

Na ndivyo alivyokuwa, wiki nzima anazunguka chumba akitafuta sauti, sss ya sufuria, kkk ya kijiko, anacheka mwenyewe akiipata. Mimi nilisikia kelele tu. Sisi tulisoma kwa kuimba darasa zima, ba be bi bo bu, na mwalimu ana kiboko, na nikafika kidato cha nne (kilichonifikisha kwenye karai la nguo za watu, lakini hilo sikulifikiria). Nikaenda kumkabili mwalimu wake, Ticha Akoth, nikamwambia mimi silipi karo ili mtoto alie kama nyoka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama Nekesa, sauti anazijua. Karibu ataanza kuziunganisha mwenyewe. Mpe muda tu, na tafadhali usimkaririshe."

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hichohicho kilikuwa kimeshaona, juu ya meza yake, kitabu chenye kuku kwenye jalada, kile ambacho watoto wangesoma mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Jumamosi nikashuka mjini, nikazunguka kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika kando ya barabara mpaka nikakipata, kimechanika mgongo lakini kurasa zote zimo. Huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza.

Kila jioni nikipika, nasema mstari, Nekesa anarudia. Kuku wa bibi ametaga. Mayai yako wapi? Mayai yako chini ya kitanda. Mwanzoni alikuwa anaweka kidole kwenye herufi na kuanza, "Kkk... uuu...", nami natoa kile kidole. Achana na hiyo kelele, sema kuku. Ukisahau, angalia picha. Baada ya siku chache hakuweka kidole tena, nikaona hayo ndiyo maendeleo. Nikawatangazia wapangaji wa ploti nzima kwamba Nekesa anasoma, na zaidi nikamtangazia jirani yetu Baba Ryan, muuza viatu mwenye mdomo mpana kuliko kibanda chake, ambaye mtoto wake yuko darasa moja na wangu.

Siku yenyewe nilimvalisha soksi mpya. Alipoitwa akasimama wima, akafungua kile kitabu cha kuku, akakisoma chote kama mtangazaji wa habari. Watu wakapiga makofi. Ningekaa hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Baba Ryan akageuka kwenye kiti chake. "Mama Nekesa, huyo hajaangalia kitabu hata. Alikuwa anakuangalia wewe."

Watu wakacheka kidogo, cheko la kawaida tu. Nami badala ya kucheka nao nikasimama. "Mpatieni kitabu ingine. Yoyote. Mpatieni hata gazeti."

"Mama Nekesa, imetosha," Ticha Akoth akasema. "Amefanya vizuri, wacha akae."

Sikumwacha akae. Nilienda mimi mwenyewe mpaka mezani, kwa miguu yangu, nikachukua kitabu cha kwanza nilichokigusa, chenye picha ya mbuzi, nikamwekea mkononi. Nekesa akamwangalia yule mbuzi. Akaniangalia mimi. Akafungua, na kwa sauti ileile ya mtangazaji akaanza:

"Kuku wa bibi ametaga."

Darasa likapasuka. Yeye akafikiri wamefurahi, akafungua ukurasa wa pili, ambapo mbuzi amefungwa kwenye mti na mvua inamnyeshea. "Mayai yako wapi?"

"Mbuzi ameyakula," mtu akajibu kutoka nyuma, na hapo ndipo wale wa nje walipokuja dirishani.

"Nekesa, hicho sicho tulichokariri," nikasema. Kwa mdomo wangu. Mbele ya watu wote, na mwalimu aliyenikataza kukaririsha amesimama pale.

"Si ulisema nikisahau niangalie picha?" akaniuliza. "Nimeangalia. Hakuna kuku."

Sasa sikieni sehemu yangu. Ticha Akoth alikuja akapiga magoti karibu naye, akafunika picha kwa kiganja, akaweka kidole chini ya neno moja. Hakutuangalia sisi wengine, alikuwa kama yuko na huyo mtoto peke yake. "Wachana na mbuzi na kuku. Hii ya kwanza inalia aje?"

Nekesa akafunga midomo. "Mmm."

"Na hii?"

"Bbb."

"Na hii inayofuata?"

"Uuu." Akakunja uso vile anavyoukunja akijaribu kufunga kamba za viatu. Halafu akaweka kidole chake mwenyewe, kile nilichokuwa nakitoa kila jioni, akaanza tena bila kuambiwa. "Mmm... bu... Mbu..."

Watu walikuwa wameacha kucheka, hata Baba Ryan. Kila mtu aliona linakuja, linapanda kama maziwa kwenye sufuria, bado kidogo tu. Nami nikashindwa kungoja.

"Mbuzi! Sema mbuzi, si unaona ni mbuzi?"

Nekesa akafunga kitabu. Hakulia. Alimrudishia mwalimu kwa mikono miwili, kwa adabu, akaenda akakaa na wenzake akiangalia zile soksi mpya.

"Alikuwa amefika, Mama Nekesa," Ticha Akoth akaniambia pole pole. Hilo ndilo linaloniuma. Lilikuwa neno lake la kwanza, amelipigania mwenyewe, nami nikamnyang'anya mlangoni ili watu wasifikiri nimezaa mjinga.

Tukapitia sokoni kurudi nyumbani, nikamwonyesha kibao cha duka, nikamuuliza kwa sauti tamu, hii ya kwanza inalia aje? "Sijui," akasema. Sss ya sufuria ikaisha. Kkk ya kijiko ikaisha. Nilimkasirikia Baba Ryan, nikamkasirikia mwalimu, hata yule mtoto wa Loresho na boksi lake, nikawamaliza wote, akabaki wa kukasirikiwa mmoja. Shule zilipofunguliwa nikaenda kumwomba Ticha Akoth msamaha. Hakunihubiria. Alinikopesha kile kitabu cha mbuzi, akasema nikiweke mahali Nekesa atakiona na nisimuulize kitu.

Nimekiweka kitandani. Na juzi nikiwa nje naanika nguo nikasikia sauti kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Alikuwa anamsomea mdogo wake, Wafula, ambaye bado ananyonya na hajui kucheka mtu akikosea. "Mmm... bu... zi. Mbuzi." Akarudia, "Mbuzi," kama mtu anayejiambia jina lake. Nikakosea nikasogea, kivuli changu kikaingia mlangoni, na kitabu kikaenda chini ya mto.

Nimeapa siingii tena humo akiwa anasoma mpaka siku atakayoniletea kitabu mwenyewe, hata kama siku hiyo iko mbali. Jana akaanza tena. Neno la pili ni refu, akakwama katikati, akarudi mwanzo, akakwama palepale, akanyamaza muda mrefu sana. Mimi neno ninalijua. Nikachukua shati nililokuwa nimeshalianika, nikalishusha kwenye kamba, nikalianika tena.