Uzito wa juu tulikuwa wawili tu mjini, na mwenzangu akakataa kunipiga

Wakuu, heshima zenu.

Nimesoma humu vijana wakibishana kwa nini Bongo hatuna wapiganaji wa uzito wa juu, eti hata kwenye hii MMA ya siku hizi wote ni wepesi wepesi. Nina la kusema, na si chai ya kutunga. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa.

Mie ni Mnyamwezi wa Sikonge. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilimaliza fomu foo, matokeo yakawa ya kuficha, mjomba akaniita Dar.

Nilitoka Sikonge juu ya lori la tumbaku mpaka Tabora, hapo nikapanda treni, daraja la tatu. Mvua zilikuwa zimekula reli mbele ya Dodoma. Tukakwama Gulwe mpaka abiria tukajuana majina, wengine wakawachinja kuku waliokuwa wanawapelekea ndugu zao. Kwa mwili wangu sikuenea kwenye benchi, nikawa nalala sakafuni karibu na choo, watu wananiruka. Mama mmoja wa Kigoma aliyekuwa ananigawia dagaa alikuwa ananiomba nisisimame ghafla, behewa lisije likalala.

Nilifika Dar miguu imevimba. Mjomba alinitazama pale stesheni juu mpaka chini, akasema, "Mjomba, kile kitanda nilichokuandalia tutampa mtu mwingine."

Tuliishi Temeke, Tandika. Nilipata kibarua cha kubeba marobota ya mitumba, maana ndiyo miaka ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu anauza kitu. Siku moja mwanajeshi mstaafu, tulimwita Mwalimu, aliniona nimebeba robota kichwani huku nakula muhogo. Jioni yake nilikuwa kwenye ukumbi wake wa mazoezi.

Mchezo wenyewe ulikuwa kickboxing, mtaani tukiita ngumi na mateke. MMA hatukuwa tunaijua.

Sasa ishu ilikuwa moja. Wapiganaji wa uzito mdogo walikuwa wamejaa kila kona. Wa uzito wa juu tulikuwa wawili tu, mie na Shomari, Mzaramo wa Buguruni aliyekuwa anashusha nazi sokoni. Kwa hiyo promota akitaka pambano la mibaba, ni mie na yeye. Tukipigana Temeke, mwezi mwingine tunarudiana Kinondoni, kisha tunapelekwa Morogoro kupigana tena. Hakuna mtu duniani aliyewahi kunipiga kama Shomari, na hakuna niliyempiga kama yeye.

Wenye asili ya bara na pwani mnajua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu na hukasiriki. Anaingia kwako anafunua sufuria. Shomari alilijua hilo vizuri mno.

Siku ya kupima uzito alikuwa anapanda juu ya kiti na kutangaza, "Huyu babu yake alimbebea babu yangu mizigo kutoka Tabora mpaka baharini. Leo kaja kudai ujira." Nami namjibu kwamba Mzaramo akisikia mdundiko anaacha hata maiti, refa amchunge isije ikatokea ngoma akatoroka. Watu wanakufa kwa kucheka, tiketi zinakwisha.

Tukimaliza kupigana anakuja kwangu, uso umevimba, anamuuliza mke wangu kama kuna nazi kwenye huo mchuzi au tunakula kibara.

Mke wangu tumwite Mama Neema. Mwenyeji wa Iringa, mpole, hapendi ngumi hata kidogo.

Baada ya miaka kadhaa hivi jicho la kushoto likaanza vituko. Kwanza nikawa naona kama vimulimuli mchana kweupe. Halafu kwenye kona likaja giza, kama mtu kashusha pazia nusu. Nikawa namimina chai nje ya kikombe.

Nilikwenda hospitali kimya kimya. Daktari akanieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho umeanza kubanduka. Ngumi moja yaweza kulimaliza, na hata bila ngumi laweza kuondoka. Akataka nilazwe wafanye operesheni, ingawa hakuniahidi kitu.

Nikamwambia nitarudi.

Wakuu, nieleweni. Wiki hizo hizo alikuwa amekuja wakala kutoka Afrika Kusini kutafuta watu wa uzito wa juu. Angetutazama mie na Shomari pambano moja tu, mshindi anaondoka naye. Kwa wabeba mizigo wawili hiyo ilikuwa kama kuitwa peponi kwa jina. Nikajisemea, nipigane hili moja, jicho nitalitibu Johanesbagi.

Niliyemwambia ni mke wangu peke yake. Yeye akalia, kisha bila kuniambia akaenda Buguruni akamwambia Shomari. Hilo nililijua baadaye.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri, ukumbi wa Kinondoni, watu mpaka madirishani. Wakala kakaa mbele, kavaa miwani.

Raundi ya kwanza nikaona ajabu. Shomari hapigi upande wangu wa kushoto. Mkono wake wa kulia, ule uliokuwa unanilaza kila mara, anaurusha mbavuni, anaurusha begani, juu haufiki. Raundi ya pili vilevile. Watu si wajinga. Sauti ikaanza nyuma, "Mmepanga!" ikasambaa ukumbi mzima. Refa akamwonya. Nami nikamwambia tukiwa tumekumbatiana, "Piga wewe, unaniharibia." Akanijibu kwa pumzi, "Nyamaza, mpagazi."

Raundi ya tatu kengele ikalia. Badala ya kuja katikati, Shomari akazunguka, akaenda kwenye kona yangu. Akakaa kwenye kiti changu, Mwalimu hata hajakitoa. Akachukua maji yangu akanywa. Akawageukia watu akasema kwa sauti ile yake ya kupimia uzito:

"Huyu Mnyamwezi ni mtumwa wangu. Leo nimempumzisha. Nendeni makwenu."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa kawaida. Nikamfuata, nikamvuta mkono ainuke. Hakuinuka. Nikamtukana matusi ambayo hata mtani hatukanwi. Akawa ananitazama tu. Kicheko kikakauka, zikaanza kuruka chupa za soda.

Nilipotazama mbele, kiti cha wakala kilikuwa kitupu.

Chama cha mchezo kilitufungia wote wawili kwa kupanga matokeo. Mwalimu akaacha kuniita. Mtaani nikipita watoto wanakaa chini ghafla na kusema wamepumzishwa.

Mama Neema aliponieleza kwamba ndiye aliyekwenda Buguruni, nilimsemea maneno mazito. Asubuhi akamchukua mtoto, akaenda kwao Iringa. Nilidhani ni hasira za siku mbili tatu. Kumbe ndiyo tumeachana.

Jicho lenyewe halikungoja ngumi ya mtu. Siku moja nanawa uso uwani nikaona upande mmoja wa ukuta haupo. Hospitali wakaniambia nimechelewa.

Hapo ndipo chuki yangu kwa Shomari ilipokomaa. Maana kama lingekufa tu, si bora lingekufa nikiwa na mkataba mkononi?

Sikumwona tena mpaka siku niliyoamua kuondoka Dar moja kwa moja. Nilikuwa natafuta njia ya Zambia, nikaenda kupanda treni ya TAZARA. Mjomba bila shaka ndiye aliyemwambia. Nikamkuta Shomari kasimama nje ya stesheni, kapungua, kavaa kanzu maana ilikuwa Ijumaa. Nikasubiri aanze matusi. Hakuanza.

Nikamwambia, "Jicho limekufa. Ulituharibia maisha bure."

Akalitazama jicho lenyewe. Akasema, "Limekufa, sawa. Lakini sikuliua mie."

Nilichukua begi langu nikapita upande ambao simwoni.

Tangu siku hiyo nimekaa Kapiri, nimekaa Lubumbashi, nimezunguka sana, na sasa nipo Tunduma nauza vipuri. Dar sijarudi.

Nilichojifunza? Daktari akisema acha, acha siku hiyo hiyo, usimpe mwenzio kazi ya kukuachisha. La pili sijui hata kama ni funzo. Yule jamaa naye alikuwa na nafasi ya kwenda Sauzi. Jicho langu lilikuwa mlango wake, alichotakiwa ni kulipiga kwa ule mkono wake wa kulia mara moja tu. Imenichukua miaka mingi kuliona hilo, na jicho moja.

Nyie wa Buguruni mliomo humu, ulizeni wazee wa sokoni kuhusu Mzaramo mmoja mkubwa, alikuwa anashusha nazi. Kama yu hai mwambieni mpagazi anamsalimia. Kama hayupo, niandikieni hapa hapa chini, nitasoma.

Wengine karibuni, hata wa kunitukana.