Mbali Lenga Kofia

Juzi, rafiki yangu, nilisimamisha mashine yangu ya kupimia ardhi kule Bonga, kwenye mteremko uliokuwa shamba la babu. Nikafumba jicho la kushoto, nikabana pumzi. Mashine ile haihitaji mtu kubana pumzi. Ina miguu yake mitatu, haitetemeki, na inamwona kuku juu ya bati upande wa pili wa bonde. Kazi hii naijua. Stashahada yangu ya upimaji imetundikwa sebuleni, kwenye nyumba niliyoijenga hapa Babati bila mchango wa mjomba wala shangazi. Lakini pumzi bado naibana, na sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na gobori la babu.

Kama hukuwahi kuliona, ni bunduki inayolishwa kwa mdomo. Unamimina baruti mtutuni, unafuatisha kitambaa na risasi ya mviringo, kisha unashindilia kwa fimbo ya chuma mpaka fimbo yenyewe inarukaruka mkononi. La babu lilikuwa na kibali, na kazi yake ilikuwa moja: kuwafukuza nguruwe pori kwenye mahindi na mbaazi za majirani wote wa kando ya kijito. Kazi hiyo ilimpa babu heshima, na heshima aliipenda kuliko maziwa ya mgando. Mtu akipita njiani bila kumwamkia, babu alikohoa mpaka shikamoo yake ifike.

Kila mwaka, mahindi yakianza kutoa ndevu, ilikuwepo Jumamosi ya kuipima bunduki. Bibi alitoa nyungo zake zilizochakaa, tukazipaka chokaa, nami nikachora kwa mkaa uso wa nguruwe: kidevu, pua, na juu kabisa kofia. Kofia ilikuwa amri ya babu. Gobori lake halikupiga pale unapolenga. Karibu, risasi ilipanda. Mbali, ilichoka ikashuka. Kwa hiyo alitufundisha kama wimbo: karibu lenga kidevu, kati lenga pua, mbali lenga kofia. Ukifuata hivyo, risasi zote huangukia puani.

"Nguruwe wa wapi anayevaa kofia?" bibi aliuliza kila mwaka. "Labda wa kwenu Mbulu."

Ungo wa karibu tuliuweka kwenye uzio wa zizi, wa kati kwenye kichuguu, na wa mbali bibi aliupeleka mwenyewe hadi kijitoni, akautundika chini ya panda ya mkuyu, kwenye msumari uleule wa kila mwaka. Hakumruhusu mtu mwingine. Mimi nilisimama nyuma ya babu, nikitazama risasi imeangukia wapi, kwa sababu nilikuwa na macho ya mwewe. Usidhani najisifu tu. Hata mwalimu wangu wa darasa la tatu alisema hivyo. Naikumbuka harufu ya baruti ikichanganyika na makande yanayochemka jikoni, na masikio yakilia kama nyenje.

Mwaka mmoja, jirani yetu mwenye mbwa wengi alianza kunong'ona kwamba macho ya mzee yamekwisha. Alikwenda mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa: mzee akikosa safari hii, bunduki irudishwe serikalini na ulinzi wapewe mbwa wake. Mwenyekiti akaja Jumamosi ile, na majirani wakaja nyuma yake. Asubuhi hiyo babu hakugusa chai.

Risasi ya kwanza, iliyolengwa kidevuni, ilitua kidevuni hapohapo badala ya kupanda puani. Ya pili ilitoboa ukingo wa chini wa ungo. Ya tatu haikufika kabisa. Ilitimua vumbi mbele ya mizizi ya mkuyu.

"Mzee, umeua mchwa!" jirani akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko. "Pumzika sasa. Shikamoo zako tutaendelea kukuletea."

Babu akakaa juu ya gogo, gobori mapajani. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukohoa kama mtu mwenye uamuzi.

Nilikwenda kuzitazama nyungo. Matundu yote mawili, hata shimo la vumbini, yalikuwa chini ya pua, wima, kama yamepigiwa uzi. Mtu mwenye macho mabovu hutawanya, huku kushoto, kule kulia. Risasi hizi zilikosa nguvu tu. Nilikuwa mpimaji kabla sijalijua neno hilo, nalisema bila aibu. Nikarudi mbio nikachukua kipimo cha baruti, ncha ya pembe ya ng'ombe iliyokuwa imening'inia darini tangu mavuno mpaka asubuhi ile. Nikaingiza kidole. Chini kabisa kucha yangu ikakwaruza udongo mkavu.

"Bibi! Humu nyigu wamejenga!"

Bibi alinipokonya pembe, akachokonoa kwa msumari, vipande vya udongo vikamwagika kwenye kanga yake. "Wapangaji," akasema, akimtazama jirani. "Wameingia bila hodi, wanakula baruti ya mwenye nyumba."

Babu akajaza pembe upya, akashindilia, akanyanyua mtutu kuelekea kijitoni. Akabana pumzi. Nami nikabana. Moshi ulipoondoka niliona tundu jeusi, nikapaza sauti, "Pua! Pua!" Mbwa wa jirani walikuwa wameshafika barabara ya Dodoma.

Jirani akaja taratibu, kofia mkononi. "Shikamoo, mzee." Babu akaipangusa bunduki kwanza, yote, mpaka kitako. Ndipo akasema, "Marahaba."

Jioni, nilipokuwa nikijigamba jikoni kwa mara sijui ya ngapi, babu aliweka chini kibuyu cha maziwa.

"Mama, ule ungo wa mbali mimi siuoni," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi mjukuu wake. "Ni miaka sasa."

"Unaupigaje, babu?"

"Panda ya mkuyu naiona, nyeusi mbele ya anga. Najua ungo unaning'inia wapi chini yake. Kofia naiweka mwenyewe, akilini."

Bibi aliendelea kukoroga chungu, hakugeuka. Ndipo nikauelewa msumari uleule. Siri hiyo nimeitunza hadi leo.

Babu alitangulia, bibi akamfuata, na gobori lilirudishwa polisi kama sheria inavyotaka. Shamba sasa ni viwanja, na wenye viwanja waliniita mimi kwa sababu, niseme ukweli, anayepima kama mimi hapa mjini hayupo. Nilipomaliza kazi niligeuza mashine kuelekea kijitoni. Kioo cha mashine kikaniletea tangi la maji, nguo kwenye kamba, hata pini za kubania nguo nilizihesabu. Mkuyu haupo. Hakuna aliyejua kuniambia ulikatwa lini.

Nikainua kioo kidogo juu ya mabati, pale babu alipoiweka kofia yake. Palikuwa na anga tupu, angavu. Nikabana pumzi hivyohivyo, na mimi mwenye macho ya mwewe sikujua nilenge wapi.