Gazeti Lililobandikwa kwa Uji

Gazeti la Dar es Salaam lilifika Ringwani likiwa limechoka kuliko msafiri yeyote. Lilijua habari za viwanda na mapokezi ya wageni, lakini halikujua kwamba fisi ameingia zizini wala kwamba pampu ya kisima imeharibika tena. Basi miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nikiwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, tukaanzisha letu. Tuliliandika kwa mkono kwenye karatasi za manila na kulibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa duka la kijiji. Wasomaji wa kwanza wa kila toleo walikuwa mbuzi. Walilamba uji, kisha wakala na habari zenyewe, nami niliwafukuza kwa matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Nililipenda gazeti lile kupita kiasi. Ndiyo maana niliingiwa na hofu niliposikia ofisa wa elimu anakuja kutoka Mugumu. Karatasi zilikuwa adimu, na alitaka kuona kama gazeti linasomwa kweli. Asiporidhika, manila zingekwenda kijiji kingine.

Nilimtegemea mwanafunzi wangu bora, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kila toleo jipya lilipotoka yeye ndiye aliyewasomea wenzake, mtoto yuko mgongoni.

Ofisa alikuwa kijana wa pwani, viatu vyake vimekwisha kugeuka rangi ya udongo wetu. Akaweka kidole kwenye habari ya juu. "Hebu tusomee hii, mama."

Habari ilihusu dume la ng'ombe la mzee mmoja lililoingia darasani na kukataa kutoka. Mama akasoma bila kusita: "Juzi asubuhi dume la mzee wetu wa nyumbani..."

"Ngoja," akasema ofisa. "Hapa pameandikwa jina la mtu. Mama huyu hasomi, amekariri."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Jina lile lilikuwa la baba mkwe wake, na kwetu mke hatamki jina la baba wa mumewe hata umchome moto. Sote tulikuwa tumezoea kumsikia akiliruka hivyo. Nikamweleza.

"Ndugu mwalimu," akajibu kwa upole uliozidi kuniudhi, "kila kijiji kina sababu zake." Akafunika kalamu yake. Mama akainamisha kichwa, na mimi nikaanza kuziaga manila zangu.

Mkwe mwenyewe alikuwepo. Alisimama mbali, amegeuka upande, kama inavyompasa mzee akiwa karibu na mke wa mwanawe. Darasani kwangu alikuwa akija kukaa mlangoni, hafungui kinywa, anasema amefuata kivuli tu. Sasa akaja moja kwa moja ukutani. Mama akampisha, akasogea kando na kutazama chini.

Mzee akaweka kidole chake kinene pale kilipokuwa cha ofisa. Akatafuna midomo. Akatoa silabi ya kwanza, akapumua, akatoa ya pili, akakohoa, akamaliza. Alikuwa amesoma jina lake, la baba yake pia, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima.

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani tulisahau.

"Mwalimu," akaniambia mimi, kwa sababu mke wa mwanawe hawezi kumsemesha moja kwa moja, "mwambie aendelee. Hapo pangu nimemaliza."

Mama akaendelea. Ofisa alirusha kidole juu, chini, katikati, hata kwenye tangazo la chanjo ya ng'ombe, naye akamfuata kila alipokwenda. Watu walicheka mpaka ofisa naye akacheka. Manila tukapata.

Jioni nilirudi dukani na mawe yangu mkononi, tayari kwa vita vya kila siku. Sikuwa na kazi. Mzee alikuwa bado pale ukutani na fimbo yake, anawafukuza mbuzi wasije wakala jina lake.