Mti wa Sebuleni

Miaka ile dhahabu ilipokuwa inavuta watu kutoka kila upande, mimi nilipika na kufua kwa mtaalamu mmoja wa miamba aliyepanga nyumba Tarime mjini. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia sufuria, mapazia na mti aliokuwa akiufuga sebuleni: mtini wa kigeni wenye majani mapana yenye umbo la gitaa, urefu wake ukinifika kifuani.

"Dada, huu hautaki fujo," aliniambia. "Uweke karibu na dirisha, usiuhamishehamishe. Futa vumbi kwenye majani. Maji usiupe mpaka uchomeke kidole, ukute udongo umekauka."

Niliupeleka nyumbani Nyamwaga nyuma ya pikapu, nimeufunika kwa khanga. Mama alikuwa kwenye kiti chake, pale pale alipokuwa akishinda tangu tumzike kaka yangu miezi miwili nyuma. Kaka alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la wachimbaji wadogo. Walimtoa siku ya tatu. Tangu hapo mama hakugusa jembe, na ukimsalimia alitikisa kichwa tu.

Aliutazama ule mti. "Mti unakaa ndani ya nyumba? Huko nje kumejaa?"

Wiki nzima hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho.

Malori ya mgodini yalipita mchana kutwa na vumbi likaingia hadi kwenye vyombo. Nikasahau habari ya kidole. Kwa kuogopa mti usinifie, niliumwagilia kila asubuhi. Majani yakaingia madoa ya kahawia, kisha yakaanza kudondoka. Yalikuwa mazito, likianguka moja ulilisikia ukiwa jikoni. Mama aliyatazama yakianguka.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amepiga magoti sakafuni. Ameung'oa mti, ameulaza juu ya gunia, mizizi yote wazi.

"Umeuzamisha," alisema. "Hebu nusa."

Udongo ulinuka uozo. Alikata mizizi mibovu kwa kisu cha jikoni, akatoboa matundu chini ya ndoo kuukuu ya rangi, akachanganya udongo wa migombani na mchanga. Mikono yake haikusita.

"Kuanzia leo maji niachie mimi."

Kila asubuhi alifuta majani kwa kitambaa chenye unyevu, kiganja kimoja akikiweka chini ya jani ili lisivunjike. Nilimsikia akiongea polepole kwa Kikurya. Sikusogea kusikiliza.

Mvua za masika zilipoanza, aliniita. "Njoo uone."

Kileleni lilikuwa limechomoza jani changa, limekunjamana, linang'aa. Tulisimama tukiliangalia. Kisha mama akasema, bila kunigeukia, "Alipokuwa mdogo aliogopa giza. Nilikuwa namwachia koroboi. Halafu akaenda kufia gizani."

Akalia. Msibani hakuwa amelia. Nilimshika mabega, nami nikalia.

Kesho yake alifungua sanduku la nguo za kaka. Tulizifua, tukazikunja, na binamu zetu walipokuja kutoka Isebania aliwagawia mwenyewe, akimpimia kila mmoja begani. Shati moja la mistari hakulitoa. Alilirudisha sandukuni, akafunga.